Dokta Yonathani na Krimu za Tunduma

Naitwa Loisi. Ni fundi sanifu wa maabara ya kemia katika chuo kikuu kimoja cha Nyanda za Juu Kusini, na jina la chuo silitaji kwa sababu bado kinanilisha. Nimefanya kazi na walimu wengi, lakini Dokta Yonathani Nzunda ndiye pekee niliyemwona akiosha mwenyewe mirija aliyoichafua. Kwa hilo tu anastahili kuandikwa.

Kwao ni Itaka, Mbozi, nyumba ya kahawa na mahindi. Aliporudi kutoka ng'ambo na shahada yake ya uzamivu, mama yake alisimama kanisani akatangaza kwamba mwanawe sasa ni dokta. Tangazo lilikuwa fupi mno. Kesho yake asubuhi watu kumi na wanne walikuwa wamekaa uani wakisubiri kutibiwa. Wa kwanza alikuwa mzee mwenye picha ya eksirei ndani ya bahasha ya kaki.

"Baba, mimi ni dokta wa kemia," Yonathani akamweleza.

Mzee akatafakari. "Hiyo kemia huwa inashika wapi? Kwenye maungio?"

"Si ugonjwa, baba. Kazi yangu ni kupima vitu kwa kutumia mwanga."

"Basi si ndiyo hii?" Mzee akainua eksirei yake kwenye jua. "Pima."

Yonathani aliniambia kwamba aliitazama ile picha, akaona goti limechakaa kama bawaba ya mlango wa zamani, akamshauri mzee apunguze kupanda milima. Mzee akaondoka ameridhika kabisa. Kufikia saa sita mchana watu walikuwa thelathini.

Kazi yake inaitwa spektroskopia. Kwa maneno ya jikoni ni hivi: kila kitu kina tabia ya kumeza rangi fulani za mwanga na kuziacha nyingine zipite. Ukipitisha mwanga kwenye maji yenye kitu hicho, ukaangalia ni rangi ipi imepungua na imepungua kiasi gani, utajua ndani mna nini na kipo kwa kiwango gani, hata kama nje ya chupa wameandika uongo. Dokta aliipenda kazi hiyo kama wengine wanavyopenda mpira. Ukimpa juisi ya ubuyu, kabla hajainywa ataiinua dirishani.

Mwaka alioajiriwa, wafadhili walitupa mashine ya kupimia. Ilizinduliwa kwa utepe, kwaya na hotuba nne. Mgeni rasmi aliizunguka mara mbili, akauliza kama inatoa na fotokopi. Ikafanya kazi miezi kumi na moja, kisha taa yake ya ndani ikaungua. Taa yenyewe ni kichupa kidogo chenye gesi, nacho hutoa mwanga usioonekana kwa macho. Dokta aliandika barua ya kuomba nyingine, na barua ikamfikia Edson, afisa manunuzi wetu, ambaye alikuja maabara kwa miguu yake mwenyewe kwa namna jambo lilivyomtatiza.

"Dokta, hapa umeandika taa ya mwanga usioonekana."

"Ndiyo."

"Sasa mkaguzi akija, akasema washa tuone, mimi nitamwonyesha nini?"

Dokta akachora ubaoni. Edson akasikiliza kwa heshima zote, akatikisa kichwa, akaenda kutangaza zabuni ya "taa maalumu". Kampuni za vifaa vya maabara zikashindwa, ikashinda kampuni ya kupamba kumbi za harusi. Tukaletewa mita arobaini za taa za kumetameta, nyekundu na kijani. Kamati ya mapokezi ikaziwasha, ikaona mwanga, ikasaini.

Basi kwa miaka sita Dokta Yonathani alifundisha spektroskopia kwa chaki. Alichora mashine ubaoni, akachora mwanga ukiingia na ukitoka, kisha akawaambia wanafunzi, "Chukulieni kwamba mmesoma sifuri nukta nne mbili." Darasa zima liliandika sifuri nukta nne mbili. Mwaka mmoja mwanafunzi aliandika sifuri nukta nne tatu, na mtahini wa nje akaagiza aitwe ajieleze kaipata wapi.

Kila mwaka Dokta aliomba kupandishwa awe mhadhiri mwandamizi. Kila mwaka barua ilirudi: machapisho hayatoshi. Machapisho yalihitaji vipimo, vipimo vilihitaji taa. Mkuu wa idara yetu, Profesa Gwamaka, alikuwa na makala sitini na moja. Hakuwa ameingia maabara tangu siku ya utepe, ila jina lake lilikuwepo kwenye kila makala iliyotoka idarani, kwa kuwa, kama alivyopenda kusema, sayansi ni ushirikiano. Alikuwa mtu nadhifu, suti iliyonyooka, uso unaong'aa kama andazi lililopakwa yai. Masikio peke yake ndiyo yalibaki na rangi aliyozaliwa nayo.

Mambo yalibadilika Dokta alipokwenda Tunduma kwenye kipaimara cha mpwa wake. Mdogo wake, Ferista, anaishi Chapwa na ana duka la vipodozi mjini, karibu na mpaka. Walikuwa hawajaonana miaka miwili. Mlangoni pa kanisa akakutana na mama mmoja mweupe, kitenge cha gharama, akadhani ni mgeni wa heshima kutoka Zambia. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," Ferista akaitikia, kisha akaangua kicheko hadi waumini wakageuka. "Kaka! Umeniamkia!"

Dokta hakucheka. Kwa karibu aliona kwamba mashavuni pamejitokeza mabaka meusi-buluu, na vifundo vya vidole vyake vimekuwa vyeusi kuliko vilivyokuwa utotoni. Wakati mikono ya kaka na dada ilikuwa imeshikana, mmoja ulionekana kama umeazimwa kwa mtu mwingine.

Kesho yake alimfuata dukani.

"Feri, unapaka nini?"

"Napaka ninachouza. Nikiuza nisichopaka nani ataniamini?" Akashusha kopo kutoka rafuni. "Hii ni ya papai. Tunda, kaka. Soma."

"Nimesoma. Na haya mabaka?"

"Hayo ni jua la Tunduma."

"Jua la Tunduma halikuanza juzi. Mama hana mabaka, na anashinda shambani."

Ferista akapanga makopo ambayo yalikuwa yamepangwa tayari. Halafu, kwa ile hasira ya mtu aliye na hakika na shaka kwa pamoja, akamkusanyia aina kumi na mbili ndani ya mfuko. "Haya, msomi. Kapime. Ukikuta ni papai utakuja kuniomba radhi mbele ya mama."

Njiani kurudi chuoni, basi alilopanda lilisimamishwa kwa ukaguzi. Askari aliufungua mfuko, akatoa kopo moja baada ya jingine, akayapanga juu ya kiti. Kisha akamtazama Dokta: mwanamume mweusi tii, wa makamo, mwenye miwani na tai.

"Hizi ni zako, mzee?"

"Ni za utafiti."

"Na utafiti wenyewe umeanza lini? Maana sioni mabadiliko."

Basi zima likacheka. Ilibidi aonyeshe kitambulisho cha chuo na aeleze spektroskopia tangu mwanzo, amesimama, mbele ya abiria sitini. Anasema hajawahi kupata darasa lililomsikiliza vile.

Aliwasili maabara na makopo yake kumi na mawili na mashine isiyo na taa. Akaniuliza kama nina boksi gumu. Nikampa boksi la viatu vyangu vya harusi. Upande mmoja akatoboa ufa mwembamba kwa wembe, ndani akabandika kipande cha diski ya filamu, yaani DVD, kwa sababu uso wa diski una vijistari vinavyouchambua mwanga kama upinde wa mvua. Upande wa pili akakata tundu la kamera ya simu. Mbele ya ufa akaweka tochi na mrija wa kioo. Kazi ilichukua siku mbili na gundi ya chuo chupa nzima.

Aliyoitafuta ni haidrokwinoni, kemikali inayochubua ngozi, iliyopigwa marufuku kwenye vipodozi nchini kwetu. Boksi letu lisingeweza kuiona moja kwa moja, hivyo akachanganya kila krimu na dawa ambayo hugeuka rangi ya chungwa haidrokwinoni ikiwepo. Kadiri rangi inavyokolea, ndivyo sehemu ya kijani na buluu ya upinde wa mvua inavyofifia kwenye simu. Mrija wa kwanza ukawa chungwa. Wa pili ukawa chungwa. Krimu ya papai ikageuka chungwa mpaka nikadhani kweli imetoka kwenye tunda. Kati ya kumi na mbili, tisa. Iliyokolea kuliko zote ilikuwa imeandikwa nje kwa herufi kubwa: HAINA HAIDROKWINONI.

"Huyu angalau ameitaja," Dokta akasema.

Hakuamini boksi lake haraka. Alirudia kila kipimo mara tatu, kisha akapeleka sampuli kwa rafiki yake mwenye mashine nzima katika maabara nyingine. Majibu yalikaribiana. Siku zile alikuwa na furaha, na alikuwa na aibu ya kuwa na furaha, maana kila tarakimu nzuri aliyoipata ilikuwa habari mbaya ya uso wa mdogo wake.

Jumamosi mimi na Dokta tulikwenda Tunduma. Aliniomba niwepo, nadhani aliogopa. Akamwekea Ferista karatasi ya matokeo juu ya kaunta na kumweleza polepole. Ferista alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo umesoma miaka ishirini," akasema, "uje uniambie duka langu ni sumu."

"Si duka, Feri. Makopo tisa."

"Makopo tisa ndiyo duka! Hayo matatu ni mafuta ya watoto! Unajua wateja wangu wanatoka wapi? Nakonde na Isoka kule Zambia, na Mbozi yote. Leo niwaambie nini? Kwamba kaka yangu ana boksi la viatu?"

Dokta akanyoosha mkono, akaugusa mkono wa mdogo wake pale kwenye vifundo, akauachia. Ferista akatufukuza dukani kwa heshima, yaani alitununulia soda kwanza.

Wiki mbili akawa hapokei simu. Siku ya kumi na tano alituma picha, bila neno. Rafu zilikuwa tupu, na makopo matatu yamebaki katikati kama wafungwa waliosamehewa. Juu yake alibandika bango: ZIMEPIMWA NA DOKTA WA CHUO KIKUU.

Dokta akampigia hapo hapo. "Feri, toa hilo bango! Nimepima kitu kimoja tu. Zebaki nayo huwekwa kwenye krimu, na sijaipima!"

"Basi pima."

"Zebaki inahitaji mashine nyingine."

"Hamna?"

"Hatuna."

Jioni ikaja picha ya pili. Chini ya bango aliongeza kwa kalamu ya wino mzito: KITU KIMOJA TU. Dokta aliitazama sana ile picha. Akaniambia amesoma majarida mengi ya kimataifa ambayo hayana uaminifu wa bango lile.

Baadaye aliwasilisha utafiti kwenye semina ya idara. Profesa Gwamaka alikaa mstari wa mbele kwa mamlaka. Dokta alionyesha boksi, akaonyesha mirija, akafika kwenye picha za madhara: mabaka mashavuni, uso kuwa rangi moja na masikio rangi nyingine, vifundo vya vidole kubaki vyeusi. Nilikuwa nimesimama pembeni, nikaona mikono ya Profesa ikishuka taratibu kutoka mezani na kuingia chini. Haikutoka tena mpaka semina ikaisha. Hata makofi hakupiga.

"Umehakikisha?" aliuliza wakati wa maswali. Sauti ilikuwa kavu.

"Mara tatu, Profesa. Na kwenye mashine ya kawaida pia."

"Mtumiaji akiacha… hali hurudi?"

"Hupungua kwa miezi, kwa baadhi ya watu. Ila anashauriwa amwone daktari wa ngozi."

Siku ya tatu Profesa Gwamaka aliingia maabara. Nilishtuka kiasi kwamba niliangusha kifuniko. Alikuwa na makopo matatu yaliyofungwa kwenye gazeti.

"Za shemeji yako," akamwambia Dokta. "Ana wasiwasi."

Dokta akapima bila kuuliza. Yote matatu yakawa chungwa.

"Mwambie shemeji aache, Profesa," akasema kwa upole.

Profesa akaitazama ile mirija. Kwa mara ya kwanza nilimwona hana la kusema kuhusu ushirikiano. "Nitamwambia," akajibu. "Ni mbishi, lakini nitamwambia." Akaondoka, na makopo akayaacha.

Makala ilitoka kwenye jarida zuri. Ilikuwa na majina matatu: Gwamaka, Nzunda, na langu, ambalo Dokta alisema bila hilo haitumi. Nilimuuliza kwa nini jina la Profesa liko mbele. Akasema Profesa ameleta sampuli tatu, na sampuli tatu ni mchango. Nilitafuta kejeli usoni mwake nisiione. Mwaka huo barua ya kupandishwa ikaja imesainiwa, na Dokta Yonathani akawa mhadhiri mwandamizi, akiwa na miaka arobaini na tisa.

Kisha wageni kutoka nje walisoma makala, wakaandika kuuliza habari za boksi. Chuo, ambacho kilikuwa hakijui kama boksi lipo, kikalikumbuka kwa nguvu. Afisa mali akaja na stika.

"Hiki kifaa kimetengenezwa ndani ya saa za kazi?"

"Ndiyo."

"Kwa gundi ya nani?"

Dokta hajui kudanganya. Stika ikabandikwa, boksi likaandikwa kwenye rejesta kama mali ya chuo, likapelekwa kwenye kabati la kioo ukumbini mwa utawala, na maandishi ya dhahabu: UBUNIFU WETU. Likitakiwa kutumika, mhusika aandike barua kupitia kwa mkuu wa idara, siku kumi na nne kabla. Dokta aliandika barua mbili. Ya kwanza ilijibiwa kwamba kifaa kipo kwenye maonyesho. Ya pili ilijibiwa kwamba kifaa ni dhaifu, kinaweza kuharibika kikitumiwa.

Nilitarajia atakasirika. Yeye alinunua gundi kwa hela yake, akasubiri Jumamosi, akatengeneza jingine la boksi la biskuti akiwa Chapwa, sebuleni kwa Ferista, mkoa mwingine kabisa, nje ya saa za kazi.

Sasa Jumamosi moja kila mwezi tunapima dukani. Ferista anauza mafuta ya parachichi kutoka Mbozi, na ya alizeti, na biashara ni nusu ya ilivyokuwa, hafichi. Mabaka yake yamefifia kidogo, hayajaisha. Wateja wanaleta makopo yao wenyewe, na yeye ndiye anayewapokea, kwa Kiswahili, Kinyamwanga au Kibemba cha biashara.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kutoka Nakonde.

"Mulishani, bamayo," Ferista akamkaribisha, akamvutia kiti.

Dokta akapima. Mrija ukawa chungwa iliyokolea. Akamweleza yule mama kila kitu, taratibu: marufuku, mabaka, ngozi kuwa nyembamba, amwone daktari. Ferista akatafsiri, akamwonyesha na mashavu yake mwenyewe. Mama alitikisa kichwa kwa masikitiko makubwa, akashukuru, "Natotela, natotela," akafunga kopo vizuri na kulirudisha kwenye mkoba.

"Mama," Dokta akasema, "umenielewa kweli?"

"Nimeelewa sana, dokta," akajibu kupitia kwa Ferista. "Hii imebaki nusu. Ikiisha naacha."

Dokta akafungua mdomo aanze upya. Ferista akamshika bega.

"Muache, kaka. Mimi nilichukua wiki mbili, na ni ndugu yako."

Mama akaaga na kutoka kwenda upande wa mpaka. Dokta akachukua mrija mwingine. Aliyefuata alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Mpemba, hapo jirani, na kwenye kapu lake kulikuwa na makopo saba.